Saa 39 za Patrick Kennedy

Hotuba iliyotolewa kwenye mkusanyiko wa wazazi wa watoto njiti, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, 17 Novemba

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari na wauguzi wenzangu, viongozi wetu wa dini, akina mama, na nyinyi akina baba ambao wengi wenu naona mmekaa kule nyuma karibu na mlango: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Habari za kumlisha mtoto kwa mrija, za uzito na za kliniki mtazisikia kwa dada zangu watakaonifuata. Mimi nimewaomba waandaaji waniachie nafasi niwasimulie habari za mtoto mmoja na wazazi wake. Nimekaa na wazazi wodini miaka mingi, na yapo mambo ambayo huwa hatupati wasaa wa kuyasema kule, kwa sababu mashine zinalia na mtoto mwingine anaingizwa mlangoni.

Mtoto huyo aliitwa Patrick Bouvier Kennedy. Baba yake ni John Kennedy, Rais wa Marekani. Mama yake ni Jacqueline. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1963, akafariki alfajiri ya tarehe 9. Aliishi saa 39 na dakika 12.

Nimemchagua mtoto wa rais kwa makusudi. Mama akijifungua njiti, hata kabla hajashonwa, maswali mawili yameshamwingia kichwani. La kwanza: nimekosea nini? La pili: tungekuwa na pesa, mtoto wangu angepona? Na hapo majirani nao wanakuwa na majibu tayari. Alibeba ndoo za maji. Aligombana na mawifi. Alipanda bodaboda. Katupiwa jicho. Nimewaona wanawake wakiyabeba maneno hayo hadi mtoto anafikisha mwaka wa tano, yuko chekechea anaimba, mama bado anajilaumu.

Sasa mtazameni Jacqueline Kennedy. Alikuwa na miaka 34. Kiangazi kile alikuwa amepumzika kando ya bahari, Cape Cod, jimbo la Massachusetts. Daktari wake wa uzazi, John Walsh, alikuwa amekwenda kukaa hukohuko ili awe karibu naye. Hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Otis ilikuwa imemwandalia vyumba, endapo dharura ingetokea. Helikopta ilikuwepo. Mtoto alitarajiwa Septemba. Na bado, asubuhi ya tarehe 7 Agosti, akiwa amewapeleka wanawe wawili kwenye mafunzo ya kupanda farasi, uchungu ulimshika, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mama huyo hakubeba ndoo hata moja. Uchungu wa mapema ulimkuta kama ulivyowakuta nyinyi.

Lakini siwezi kuanzia hapo. Patrick hakuwa mtoto wao wa kwanza kumzika, na ukitaka kumwelewa baba yule wa mwaka 1963 lazima umwone kwanza alivyokuwa mwaka 1956.

Jacqueline aliharibikiwa mimba mwaka 1955. Mwaka uliofuata akapata nyingine, akaibeba vizuri, hadi tarehe 23 Agosti 1956 alipoanza kutokwa na damu akiwa kwa mama yake, Newport, jimbo la Rhode Island. Alipasuliwa kwa dharura. Mtoto alikuwa wa kike, akazaliwa akiwa amekwishafariki. Jina walilokuwa wamemwandalia ni Arabella. Na mumewe? Kennedy wakati huo alikuwa seneta, amechoka na mkutano mkuu wa chama chake uliofanyika Chicago, amekwenda kupumzika melini na marafiki katika bahari ya Mediterania. Habari zilimfikia kwa kuchelewa, na zilipomfikia hakukimbilia nyumbani. Zilipita siku kadhaa kabla hajarudi. Aliyekaa kando ya kitanda cha Jacqueline, na aliyeshughulikia maziko ya yule binti, ni shemeji yake, Robert.

Simtaji Kennedy kwa jambo hilo ili kumhukumu marehemu. Nalitaja kwa sababu nimewaona akina baba wa namna hiyo, wengi, na si watu wabaya. Mtu anaambiwa mtoto amezaliwa amekufa, anaona sasa nitakwenda kufanya nini? Mama mkwe yupo, dada zake wapo, mambo ya wanawake hayo. Anatuma pesa. Anabaki kazini. Hajui kwamba pale kitandani mkewe anahesabu nani amekuja na nani hakuja, na hesabu hiyo haifutiki.

Mungu akawajalia tena. Caroline alizaliwa tarehe 27 Novemba 1957. John alizaliwa tarehe 25 Novemba 1960, wiki mbili na ushee baada ya baba yake kuchaguliwa kuwa rais, naye pia alizaliwa kwa upasuaji kabla ya siku zake na kuwekwa kwenye inkubeta. Akapona, akakua, akawa yule mtoto mnayemwona kwenye picha akichungulia chini ya meza ya baba yake ofisini.

Kwa hiyo mimba ya 1963 ilikuwa ya tano. Nchi nzima ilikuwa inaisubiri, kwa kuwa tangu karne ya 19 hapakuwa na rais wa Marekani aliyepata mtoto akiwa madarakani. Na kwa wazee waliomo humu, mjue huo ni mwaka ambao Mwalimu Nyerere alikwenda Washington. Kennedy alimpokea Ikulu tarehe 15 Julai 1963. Zilibaki wiki tatu Patrick azaliwe.

Basi tarehe 7 Agosti, saa saba kasoro dakika nane mchana, Patrick akatolewa kwa upasuaji. Uzito wake ulikuwa kilo 2.1.

Akina mama, nawaona mnatazamana. Ndiyo, kilo mbili na gramu mia moja. Wapo hapa mbele watoto waliozaliwa na kilo moja na gramu mia mbili, sasa hivi wanavuta nyaya za spika. Leo mtoto wa kilo 2.1 akiletwa wodini kwetu ni katika wale wakubwa, tunamshukuru Mungu na kuendelea na wengine. Lakini kwa Patrick tatizo halikuwa uzito. Tatizo lilikuwa mapafu.

Niwaeleze, maana wengi wenu mmeliona jambo hili kwa macho bila mtu kuwafafanulia. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na kuta zake zina unyevu. Chukua mfuko mwembamba wa plastiki uliolowa maji ndani, jaribu kuufungua: kuta zimegandana. Ndivyo vifuko vile vingekuwa kila tunapotoa pumzi, isipokuwa Mwenyezi Mungu ameviwekea ute maalumu, laini, unaozuia kuta kugandana. Ute huo mtoto huanza kuutengeneza akiwa tumboni, na huwa wa kutosha katika wiki za mwishomwisho za mimba. Anayezaliwa kabla yake hulazimika kuvifungua vifuko vile upya kwa kila pumzi, mara sitini na zaidi kwa dakika. Hapo ndipo mnaona mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka, na mtoto anatoa ule mguno mdogo kila anapotoa pumzi. Mguno ule ni juhudi ya mtoto kuzuia hewa isiishe kifuani. Baada ya saa nyingi za kazi hiyo, anachoka.

Patrick aliguna hivyo tangu mwanzo. Kasisi wa kambi akambatiza papo hapo. Baba yake alikuwa Washington, akapanda ndege, akafika baada ya kujifungua. Madaktari wakaamua mtoto apelekwe Boston, kwenye hospitali ya watoto, kwa gari la wagonjwa, safari ya kilomita mia moja hivi. Kabla ya kuondoka, inkubeta ilisukumwa hadi kando ya kitanda cha mama, kwa dakika chache.

Dakika hizo chache ndizo alizopata. Jacqueline Kennedy hakuwahi kumpakata mwanawe. Hakumweka kifuani hata mara moja. Mtoto akapelekwa Boston, yeye akabaki Otis na mshono wake.

Kule Boston palikuwa na madaktari bora waliopatikana duniani siku hiyo, na mwingine aliitwa kutoka New York. Tarehe 8 hali ilipozidi kuwa mbaya, wakamwingiza kwenye chumba cha chuma kilichotumika kwa upasuaji wa moyo wa watoto, ambamo oksijeni ilisukumwa kwa mgandamizo mkubwa. Lilikuwa jaribio la mwisho. Hawakuwa na kingine cha kufanya.

Na hapa nawaomba akina baba kule nyuma mnisikilize. Yule bwana ambaye mwaka 1956 hakukimbilia nyumbani, safari hii hakuondoka. Alikwenda Boston kwa mtoto, akarudi Otis kwa mkewe, akarudi tena Boston. Usiku wa mwisho alilala hospitalini, kwenye chumba cha ghorofa ya juu. Nduguye Robert alikuwa naye. Msaidizi wake, Dave Powers, aliyekuwepo usiku ule, alisimulia baadaye kwamba walipomwamsha rais usiku wa manane kumwambia mtoto amezidiwa, wakiwa wanasubiri lifti, Kennedy alimwona kwenye chumba kimoja mtoto mwingine aliyeungua vibaya. Akauliza habari zake. Akaambiwa mama yake huja kila siku kumwona. Akauliza jina la huyo mama, akaomba karatasi, akaandika maneno machache ya kumtia moyo, karatasi ikaachwa pale. Kisha akashuka kwenda kwa mwanawe anayekata roho.

Mimi nikiwa muuguzi, katika maisha yote ya Kennedy, pamoja na mambo ya Kuba na safari za mwezini, hapo ndipo ninapomheshimu. Wazazi wa wodini wanalijua jambo hilo. Usiku kama ule unamwona mama wa kitanda cha pili kuliko ulivyowahi kumwona mtu yeyote.

Ilipoonekana wazi kwamba haponi, walimtoa Patrick kwenye kile chumba cha chuma. Baba akakaa naye, akavishika vidole vyake vidogo. Saa kumi na dakika nne alfajiri ya tarehe 9, mtoto akafariki. Kennedy alisema mtoto yule alipigana sana. Kisha akapanda tena kwenye chumba chake cha juu, akafunga mlango, akalia.

Baadaye akaruka kwenda Otis. Wawili wale wakakaa peke yao. Inasimuliwa kwamba Jacqueline alimwambia kuna pigo moja tu ambalo yeye hangeliweza, nalo ni kumpoteza yeye, mume. Hiyo ilikuwa Agosti. Mnajua Novemba ilileta nini.

Maziko yalikuwa tarehe 10. Jacqueline hakuwepo, alikuwa bado kitandani. Kardinali Richard Cushing aliadhimisha Misa ya Malaika kwenye kanisa dogo la makazi yake Boston, ile Misa ya kuwaaga watoto wadogo waliofariki wakiwa wamebatizwa. Jeneza lilikuwa dogo, jeupe. Kennedy alikuwa na kibano cha noti chenye medali ya Mtakatifu Christopher, zawadi ya mkewe walipofunga ndoa. Akakiweka ndani ya jeneza, kiende na mtoto. Watu walipotoka yeye hakutoka. Alikumbatia lile jeneza kana kwamba anataka kulibeba, analia, hadi kardinali akamsogelea taratibu na kumwambia twende, Jack, Mungu ni mwema.

Rais wa Marekani, mwenye miaka 46, aliyekuwa na amri juu ya silaha za kuangamiza dunia, analia juu ya jeneza la mtoto wa siku mbili, na hakuna aliyemwambia jikaze wewe ni mwanaume. Kwetu angeambiwa. Kwetu baba wa mtoto mchanga aliyefariki hupewa siku moja, tena wakati mwingine siku hiyohiyo anatumwa kununua sanda na kutafuta gari, na jioni watu wanamuuliza habari za kazini.

Na mama naye huambiwa nini? Nyamaza, utapata mwingine. Mungu kampenda zaidi. Afadhali ameondoka kabla hujamzoea. Ndugu zangu, alishamzoea. Alimzoea miezi saba tumboni, anajua alikuwa akicheza saa ngapi. Siku ya tatu baada ya maziko maziwa yanaingia, matiti yanajaa hadi nguo zinalowa, maana mwili haujaambiwa kwamba mtoto hayupo. Mwanamke aliye katika hali hiyo unamwambia hakumzoea?

Tarehe 14 Agosti Jacqueline alitoka hospitali. Wapigapicha walikuwa nje. Yeye na mumewe walitoka wameshikana mikono. Kwa wengi wetu hilo si jambo kubwa, lakini wale waliowalinda miaka ile walisema wawili hawa hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele za watu. Siku ile hawakujali nani anawaona. Ukizitazama picha zile, mtazame yeye anavyotembea, hatua ndogo ndogo za mtu mwenye mshono, na baba anapunguza mwendo ili walingane.

Oktoba tarehe 19, Kennedy alikuwa Boston kutazama mpira. Akaondoka kabla mchezo haujaisha, akaenda makaburini Brookline, alikozikwa Patrick. Alitaka kumwona mwanawe. Tarehe 22 Novemba akauawa Dallas. Kutoka kifo cha mtoto hadi kifo cha baba ni siku 105.

Jambo alilolifanya Jacqueline baada ya hapo ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kusimama hapa leo. Mumewe alizikwa kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington tarehe 25 Novemba, mbele ya viongozi wa dunia nzima. Siku hiyohiyo John mdogo alikuwa anatimiza miaka mitatu. Mama yule alikuwa na watoto wawili wa kuwalea, na nyumba ya kuhama, na nchi nzima inamtazama. Katikati ya yote hayo akasema: wanangu waletwe. Tarehe 4 Desemba usiku, bila wapigapicha, Patrick akaletwa kutoka Brookline, na yule binti wa 1956 akaletwa kutoka Newport. Wakazikwa upya, mmoja upande huu na mwingine upande ule wa baba yao.

Jiwe la Patrick lina jina lake na tarehe mbili. Jiwe la binti halina jina la Arabella. Limeandikwa Binti, na tarehe moja tu, 23 Agosti 1956. Hakuwahi kuvuta pumzi, na amelala kwenye makaburi ya kitaifa karibu na rais, kwa sababu mama yake alimhesabu. Jacqueline mwenyewe alipofariki mwaka 1994 alizikwa hapohapo pamoja nao.

Ukimuuliza mtu aliyesoma historia kwamba Kennedy alikuwa na watoto wangapi, atakwambia wawili. Jacqueline alikuwa na wanne. John naye alifariki kwenye ajali ya ndege tarehe 16 Julai 1999, amebaki Caroline.

Sasa turudi kwenye lile swali la pili, la pesa. Ningekuwa na uwezo, angepona? Patrick anatujibu. Mwaka 1963 uwezo wote wa dunia haukutosha, kwa kuwa elimu ilikuwa haijafika. Tena ilikuwa karibu sana. Miaka minne kabla ya Patrick, mwaka 1959, katika mji uleule wa Boston, daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walikuwa wameonyesha kwamba watoto wanaokufa kwa ugonjwa huu hawana ule ute wa mapafu. Sababu ikajulikana. Dawa ikawa haipo. Na Kennedy mwenyewe, mwaka 1962, alikuwa ametia saini sheria ya kuanzisha taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya mtoto. Alikuwa ameshapanda mbegu, haijaota.

Ikaota. Mwaka 1971 kule San Francisco, daktari George Gregory na wenzake walitangaza njia ya kumpulizia mtoto hewa yenye msukumo usiokatika, ili vifuko visijifunge. Ndiyo mashine mnayoiona puani mwa watoto wenu, ile yenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Mwaka 1972 madaktari wawili wa Auckland, New Zealand, Liggins na Howie, wakaonyesha kwamba mama mwenye uchungu wa mapema akichomwa sindano fulani, mapafu ya mtoto hukomaa haraka akiwa bado tumboni. Liggins alianza kuliona jambo hilo kwa kondoo. Ndiyo sindano ya kukomaza mapafu mliyochomwa wengi wenu. Mwaka 1980 Fujiwara wa Japani na wenzake wakatoa taarifa ya watoto kumi waliotiwa mapafuni ute uliotengenezwa kutoka mapafu ya ng'ombe.

Na sisi tumo katika habari hii, hatukukaa tukasubiri. Njia ya kangaroo, ile ya kumfunga mtoto kifuani mwa mzazi ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, hospitalini ambako inkubeta hazikutosha na maambukizi yalikuwa mengi. Kwa miaka mingi tuliambiwa kangaroo ni ya mtoto aliyekwishatulia, asubiri kwanza. Kisha ukafanywa utafiti mkubwa katika nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Watoto 3,211, wenye uzito kuanzia kilo moja hadi chini ya kilo 1.8. Nusu walisubiri watulie, nusu wakafungwa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, hata wale wanaohitaji msaada wa kupumua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika kila watoto 100 waliosubirishwa, karibu 16 walifariki kabla ya siku 28. Waliowekwa kifuani mapema, 12. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwasubirisha wengine. Kuhusu ile sindano ya mapafu, ndugu zetu wa Kenya walikuwa katika utafiti wa nchi tano uliotangazwa mwaka 2020, uliothibitisha kwamba inaokoa watoto hata kwenye hospitali za nchi kama zetu.

Ninaposoma hayo humfikiria Jacqueline pale Otis, amelala na khanga yake haina kazi, niseme hivyo kwa lugha yetu. Dawa moja ambayo hata mwaka ule ilikuwepo, kifua cha mama, hakuna aliyejua kwamba ni dawa. Sisemi kifua peke yake kingemponya Patrick, mapafu yale yalihitaji mashine. Nasema alinyimwa, na sisi hatuna sababu tena ya kumnyima yeyote.

Kwa hiyo mheshimiwa mgeni rasmi, mambo yangu ni haya, na nayasema mbele ya wazazi ili wawe mashahidi.

Elimu ambayo Kennedy hakuweza kuinunua, leo ipo. Mtoto wa kilo mbili, wa wiki 34, anayeguna, hapaswi kufa. Kama sindano ya mapafu haipo kwenye kituo cha afya, au ipo na mhudumu hana uhakika wa kuitoa kwa mimba ambayo haijafika wiki 34, basi mtoto huyo wetu anakufa kifo cha mwaka 1963. Tunashukuru sheria za kazi zimerekebishwa ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Mama lishe na mkulima hawana mwajiri wa kuwaongezea likizo, nao tuwafikirie.

Pili, akina baba waingie wodini. Bado kuna wodi ambazo baba anasimama dirishani dakika mbili kisha anaambiwa muda umekwisha. Kifua cha baba kina joto. Mama akiwa na mshono, au amelazwa wodi nyingine, au amepelekwa hospitali nyingine kama Jacqueline na Patrick walivyotenganishwa, anayebaki ni baba. Tumfundishe kufunga kangaroo. Na nyinyi kule nyuma, msisubiri kuitwa, njooni muulize. Kennedy alikosa mara ya kwanza, mara ya pili akaja.

Tatu, nalisema kwa wauguzi wenzangu na kwa viongozi wa dini. Mtoto akifariki, hata kama aliishi saa moja, hata kama alizaliwa amekufa, tumuulize mama: ungependa kumwona? Ungependa kumshika? Ana jina? Tuliandike jina hilo, tusiandike mtoto wa fulani. Mama akitaka kumsubiri apate nguvu ndipo mazishi yafanyike, na dini yake inaruhusu, tumsubiri. Na miezi mitatu baadaye anaporudi kliniki ya uzazi wa mpango, tunapomuuliza ana watoto wangapi, tusimkatishe akianza kumtaja asiyekuwepo.

Pale kwenye meza ya usajili kuna daftari la jalada la zambarau. Mzazi yeyote anayetaka, aandike jina la mtoto wake na siku aliyozaliwa, awe anacheza hapa ukumbini au ametangulia. Mimi na wenzangu tutakaa pale hadi mwisho wa shughuli, na asiyeweza kuandika tutamwandikia.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.